Mtoto wa Mbwa na Jiwe la Redio

Mchana wa siku ya mnada Kitengela huwa hauendi. Husimama tu kama ng'ombe aliyechoka, ukingoja mtu auswage. Vumbi la mifugo hupanda polepole, likaning'inia juu ya mabati, na vilima vya Ngong vikaelea huko mbali kana kwamba havijakanyaga chini. Ndani ya vumbi hilo, kando ya duka lililofungwa tangu zile mvua za El Niño, kulikuwa na benchi, na mbele ya benchi Ruqia, mama yake Yonis, aliuza kahawa ya tangawizi. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Ochola, karani mstaafu, aliitwa Waziri kwa sababu alikuwa na redio. Sironka, dalali wa mbuzi, aliitwa Hali ya Hewa kwa sababu kila alichotabiri hakikutokea. Obura aliitwa Profesa, na sababu haikuwahi kupatikana. Chini ya benchi aliishi mtoto wa mbwa mwenye rangi ya chai ya maziwa. Hakuwa na mikono, kwa hiyo kila alichotaka kukijua duniani alikitia mdomoni.

Siku hiyo Waziri alikuwa ameanika mawe ya redio, zile betri, kama kawaida yake. Yalikuwa yamekwisha nguvu, naye aliamini jua lingeyafufua kabla ya habari za saa saba. Aliyaanika manne juu ya kipande cha bati, pale chini, akasinzia. Alipoamka alikuta matatu.

– Nani amechukua jiwe langu?

Mtoto wa mbwa alikuwa amelala ubavu, mate yakimtoka, miguu ikichezacheza kama anayekimbia ndotoni.

– Muulize huyo, Sironka akasema. – Amemeza taarifa ya habari.

Ruqia akaweka birika chini.

– Si mchezo huo, Hali ya Hewa. Mwangalieni vile anatoa mate.

– Mimi nilisema pilipili, Profesa akaanza, macho nusu ameyafumba. – Paka pilipili kila kitu. Mbwa akionja mara moja, harudi.

– Ulipaka kiatu chako, Ruqia akamkumbusha. – Akakila chote, akarudi kutafuta cha pili.

– Hiyo ilikuwa pilipili ya Loitokitok, Mama Yonis. Ya kule inanyweshwa maji ya mfereji, imelelewa vizuri, haina hasira.

– Na mimi nilisema hayo mawe yaanikwe juu ya paa, asiyafikie, Ruqia akamwambia Waziri.

– Jua la chini ndilo kali, Waziri akasema kwa upole wa mtu anayefundisha. – Lile la juu bado liko safarini.

Ruqia alimtazama. Mwanamume aliyefanya kazi ya ofisi miaka yote hiyo! Kumbe shida ilikuwa kusimama kutoka kwenye benchi.

– Basi afungwe kamba, Profesa akasema.

– Ero, rafiki yangu, mbwa wa kamba anakuwa mjinga, Sironka akapinga. – Halafu wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko.

– Ufuko uko wapi hapa Kitengela? Ruqia akauliza.

– Ndiyo maana nasema tusiwe na wasiwasi.

Wakanywa. Upepo ukapita, ukaacha harufu ya kondoo. Maneno nayo yakaanza kuelea.

– Jiwe lenyewe lilikuwa limekufa, Waziri akajifariji. – Kitu mfu hakiui.

– Lakini tumbo liko na joto kuliko bati, Profesa akasema polepole. – Likifufuka huko ndani?

– Yawa! Waziri akashtuka. – Atashika stesheni.

– Kule Ewuaso Kedong kuna mbwa alimeza kengele ya mbuzi, Sironka akasema, na sauti yake ikawa ya mbali. – Kila akitembea, inalia ndani. Mbuzi wote wakamfuata. Wa jirani pia. Wakatoka hapo, wakashika bonde, na hakuna mtu aliwaona tena. Lakini upepo ukitoka upande huo, unasikia ngele, ngele, ngele.

Hakuna aliyecheka. Ruqia mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuamini upuuzi, alimwona mtoto yule wa mbwa akivuka mbuga katikati ya nyumbu, mwepesi kama jani kavu, na kutoka tumboni mwake msomaji wa habari akitangaza kwa sauti ya chini mvua itakayonyesha mahali ambapo hakuna mtu. Nyumbu waliinua vichwa, wakasikiliza.

Mbwa akalia. Sauti nyembamba, kama mlango wa mbali. Mbuga ikatoweka.

– Kwani alijifunza wapi kutafuna mawe? Ruqia akauliza. – Mfupa nitaelewa. Kiatu nitaelewa.

Profesa na Sironka wakageuka, wakamtazama Waziri. Kila siku, habari zikianza kukwama, Waziri alitoa mawe redioni, akayauma moja moja kwa magego ili nguvu ya mwisho ijikusanye. Na kila siku, pale miguuni pake, kulikuwa na macho mawili yakitazama juu, yakijifunza.

Waziri akafunika mdomo kwa kiganja.

– Apewe mafuta ya kupikia, atapike, akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

– Msimtapishe!

Aliyesema hivyo alikuwa Nyaguthii, msichana mgeni wa duka la dawa za mifugo, aliyekuja na kikombe chake kununua kahawa. Alichuchumaa, akaufungua mdomo wa mbwa kwa vidole viwili. Ulimi ulikuwa umebabuka.

– Maji ya hilo jiwe yamemchoma mdomo. Kama kipande kimeingia ndani, kikirudi juu kitamchoma tena. Daktari wa mifugo yuko mnadani, lakini anapakia vitu vyake sasa hivi. Huyu mbwa ni wa nani?

– Sisi humwita Jenerali, Waziri akasema.

– Mimi namwita Dokta, akasema Profesa.

– Sijauliza jina. Daktari hamgusi mbwa bila mwenyewe. Ni wa nani?

Sironka akatazama vilima. Profesa akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Watu waliojua kilichomo tumboni mwa mbwa wa Ewuaso Kedong hawakulijua hili.

Kwa kina Ruqia mbwa haguswi hivi hivi. Mate yake yakikupata, unajiosha kwa maji na udongo, tena na tena, mpaka utoharike. Kwa hiyo hakuwahi kumpa jina, wala kumpapasa. Alimsogezea tu maji kwenye kopo kwa ncha ya kiatu.

Akavuta gunia alilokalia, akamfunga mbwa ndani yake, akamwinua kifuani.

– Ni wangu, akasema. – Twende.

Wakaingia katika vumbi la mnada, Nyaguthii mbele akipasua njia kati ya mbuzi. Kupitia gunia, moyo mdogo ulipiga mbiombio kwenye kiganja cha Ruqia. Njiani kichwa cha rangi ya chai kikatokeza, kikanusa dunia, na kwa mdomo ule ule uliobabuka kikaushika upindo wa shela yake na kuanza kuutafuna.

– Toa! Ruqia akasema, akatia kidole kitupu katika mate yale, akauchomoa upindo.