Kiingereza cha Karatasi ya Karanga

Benchi letu liko nje ya duka la fundi cherehani, chini ya kibaraza cha bati, na lina miguu mitatu na tofali moja. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana. Mimi nashona viatu, kwa hiyo nakaa chini kwenye kigoda changu na kila neno linapita juu ya kichwa changu kabla halijafika barabarani. Upande wa tofali ni wa Kiwembe, kinyozi, mwenye ulimi unaokata kuliko vifaa vyake vya kazi. Katikati hukaa Mkalimani, aliyepata jina hilo kwa kumbebea mgeni mmoja mabegi siku tatu, miaka kumi na minne iliyopita, na mpaka leo hajamaliza kutuhadithia walivyozungumza. Birika anauza kahawa na karanga. Yeye hakai, huegemea nguzo. Mwenye duka, Fundi mwenyewe, huwa anabishana nasi kupitia dirishani huku mguu uko kwenye cherehani. Siku hiyo cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi, na Fundi alitoka akaja kukaa nasi, jambo ambalo hajalifanya tangu afiwe na mkewe.

Fundi: Atapiga saa kumi.

Kiwembe: Nani?

Fundi: Mama wa yule kijana. Mkwe.

Hapo ilibidi tuweke vikombe chini. Binti wa pekee wa Fundi ni muuguzi ng'ambo, mwaka wa nne sasa, na amepata mchumba wa hukohuko. Ndoa ni Jumamosi. Fundi haendi, safari imeshindikana, na hilo tumeshalilia likaisha. Kilichobaki ni simu. Kwao yule kijana, mzazi wa mume na mzazi wa mke lazima wazungumze wao wawili kabla ya ndoa, na watoto wanakaa chumba kingine mpaka wakubwa wamalize.

Mkalimani: Sasa shida iko wapi? Zungumza naye.

Fundi: Kiswahili hajui.

Mkalimani: Binti atafsiri.

Fundi: Nimekwambia atakuwa chumba kingine. Halafu ameshawaambia kwamba baba yake anajua Kiingereza.

Kiwembe: Mbona amewadanganya watu wa watu?

Fundi: Yeye hajadanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye.

Ikamtoka yote. Binti alipokuwa shule alikuwa analeta daftari la Kiingereza kila jioni, baba amsahihishie. Fundi shule aliiacha darasa la pili. Lakini mtoto amesimama mbele yako na daftari, mama yake hayupo, utamwambia nini? Akanunua kalamu nyekundu, akawa anaweka tiki. Kila sentensi tiki. Miaka saba.

Kiwembe: Hata zilizokosewa?

Fundi: Ningezijuaje?

Birika: Na mwalimu je?

Fundi: Mwalimu alikuwa anaweka eksi juu ya tiki zangu. Mtoto akirudi ananiambia, baba, yule mwalimu Kiingereza chake kidogo.

Hakuna aliyecheka. Kiwembe alishika benchi kwa mikono miwili, sijui kwa huruma au kwa ajili ya tofali.

Fundi: Saa kumi ikipita atajua. Baba yake alikuwa anachora tu.

Birika: Mbona Kiingereza ninacho hapa?

Kumbe karanga zake siku hizi anazifungia kwa kurasa za kitabu cha shule alichookota watu fulani walipohama nyumba, na alikuwa amebakiwa na ukurasa mmoja. Akaukung'uta maganda, akampa Mkalimani. Juu kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: TAKE. Chini yake sentensi sita, kila moja na picha yake. Kona ya chini ilikuwa imelowa mafuta na kuchanika.

Mkalimani aliusogeza mbali na macho, akausogeza karibu, akakohoa.

Mkalimani: Hapa wanasema, mfano wa matumizi sahihi. Ndugu zangu, tumeokoka. Hili neno ndilo Kiingereza chenyewe, yaliyobaki ni matawi. Mgeni wangu siku tatu nzima hakutumia jingine. Teki hiki, teki kile, teki juu, teki chini.

Kiwembe: Kwa sababu wewe ulikuwa mchukuzi.

Fundi: Maana yake nini?

Mkalimani: Inategemea picha.

Basi tukazitazama picha. Ya kwanza, mtu anamwonyesha mwenzake kiti. Ya pili, mwanamume anapanda basi. Ya tatu, bibi na kijiko cha dawa. Ya nne, saa ya ukutani. Ya tano, mwavuli. Ya sita ndiyo iliyochanika, umebaki mkia tu.

Fundi: Sasa mimi nitabadilisha vipi? Maana bibi wa kijiko simjui.

Mkalimani: Hubadilishi kitu. Wewe si fundi? Nguo iliyokwisha kupimwa, mtu baki anaruhusiwa kuikata? Hizi zimepimwa na wenyewe. Ukitoa neno moja inapwaya. Unazisoma kama zilivyo, moja baada ya nyingine, na zote ni sahihi.

Kiwembe: Sahihi kwa nani? Mtu anakuuliza habari za nyumbani, unamtolea dawa ya bibi?

Birika: Tena hiyo ndiyo salamu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa wewe niambie, mwenyeji anapona kwa nini kama si dawa?

Kiwembe: Na ya basi?

Mkalimani: Ya basi inasema yeye anakwenda kazini kwa basi. Inaonyesha mkwe ni mtu wa kazi.

Fundi: Mimi nalala nyuma ya duka. Kazini nafika kwa kufungua pazia.

Birika: Soma tu, kaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kiwembe: Hapo methali imeingiaje?

Birika: Akishavunjika guu, kazini atafikaje bila basi?

Katika miaka yote niliyokaa kwenye kile kigoda, sijaona jibu la Birika likibishiwa haraka, kwa sababu huwezi kujua uanzie wapi.

Fundi: Na hii ya saa?

Mkalimani: Inasema, inachukua masaa mawili. Hiyo ni ya akiba. Akikuuliza lolote usilolielewa, mpe hiyo. Muda haujawahi kumvunjia mtu heshima.

Kiwembe: Akimuuliza ana watoto wangapi?

Mkalimani: Masaa mawili.

Kiwembe: Akimuuliza marehemu mkewe aliugua nini?

Mkalimani: Sasa wewe unatafuta ugomvi. Sikilizeni asili ya hili neno. Kwa Waingereza mvua hainyeshi kwa kubisha hodi. Watu walikuwa wakikimbia kila mara, hawana nafasi ya kuchagua maneno, kila mtu anabeba moja la kukimbia nalo. Ndilo hili. Ndiyo maana lina mwavuli.

Na Kiwembe, badala ya kumrudisha mwenzake kwenye akili, naye akaingia.

Kiwembe: Kweli kuna kitu. Mimi nimenyoa vichwa vya watu wenye Kiingereza. Kisogo chao ni bapa kabisa. Maneno yote yanakaa mbele, karibu na mlango.

Birika: Cha Fundi je?

Wakamgeuza Fundi, Kiwembe akampapasa kisogo kwa muda mrefu kama daktari anayetafuta jipu.

Kiwembe: Cha huyu kimejaa. Ila tukimpunguza nywele nyuma huenda yakasogea.

Walishaanza kumfunga shuka shingoni nilipowaambia kwamba ni saa tisa na nusu, na kwamba sentensi ya sita haijasomwa. Hapo ndipo Mkalimani alipoisoma, polepole: "Please take care of my." Ikaishia hapo. Mbele ni mafuta ya karanga.

Mkalimani: Hii naijua kabisa. Mgeni wangu aliniambia hayo wakati wa kuagana, take care, nikauliza watu. Ni kutunza. Hapa anasema, tafadhali nitunzie.

Fundi alisimama na shuka lake shingoni.

Fundi: Hiyo. Zingine zote sizitaki. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu wiki iliyopita.

Mkalimani: Lakini haina mwisho.

Fundi: Anatunziwa nini hapo?

Mkalimani: Mwenye mkia.

Ukazuka ugomvi wa mkia. Kiwembe akasema ni wa mbwa, Birika akasema ni wa ndama, mimi nikasema ni wa paka kwa jinsi ulivyopinda. Fundi akauliza kwa nini asiweke tu neno la binti pale palipochanika. Mkalimani alilijua hilo neno, dota, lakini akaapa kwamba hathubutu kulipachika.

Mkalimani: Ile sentensi imeshonewa mnyama. Ukimtia binti humo, yule mama anaweza kuelewa kwamba unamwomba akufugie.

Birika: Mpe na majani basi. Mkono mtupu haulambwi.

Fundi: Nyie, simkabidhi mtu mwanangu kwa sentensi yenye mkia.

Alisema kwa sauti iliyotufanya sote tutazame barabarani. Akaja mama mmoja kuchukua gauni lake, ambalo bila shaka lilikuwa halijaguswa. Alimkuta fundi wake amefungwa shuka la kinyozi, ameshika karatasi ya karanga, midomo inacheza. Akaelezwa. Tulimweleza wanne kwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akahamisha mkoba begani.

Mteja: Na huyo mama mkwe, Kiingereza anakijua?

Birika alikuwa anammiminia Kiwembe kahawa. Kikombe kikajaa, kikafurika, naye akaendelea kumimina. Mkalimani alimtazama Kiwembe. Kiwembe alimtazama Fundi. Masaa mawili tumepima neno, tumepima mvua, tumepima kisogo cha mtu, na hilo hakuna aliyelipima.

Simu ikalia.

Fundi aliiweka mapajani, Kiwembe akabonyeza sauti ya nje. Tukasikia mtu akihema, na karatasi ikigeuzwa.

Simu: "Good morning. This is my house. My house has four windows."

Mkalimani, kwa kunong'ona: Nyumba yao ina madirisha manne.

Kiwembe: Anaringa.

Fundi: "Take a seat, please."

Kisha kwa mbali tukasikia kiti kikiburutwa sakafuni.

Birika: Amekaa.

Simu: "Thank you. My son is tall. He has two hands."

Fundi: "It takes two hours."

Simu: "Yes. Yes. The window is open."

Fundi: "My grandmother takes her medicine every morning."

Yule mama alitoa sauti ya kusikitika, ya kweli kabisa, kwa ajili ya bibi aliyechorwa kitabuni. Na hapo nikaelewa, nadhani sote tulielewa kwa pamoja. Huko nako kulikuwa na mtu ameketi na ukurasa wake, jasho linamtoka, mwanawe amewaambia watu kwamba mama anajua Kiingereza. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya Fundi. Nilimpenda yule mama saa ileile, na madirisha yake yote manne.

Fundi aliruka basi. Aliruka mwavuli.

Fundi: "Please take care of my."

Akafika penye mafuta. Mkalimani alikuwa anamwonyesha kwa midomo, dota, dota, ameshasahau habari za mkia. Fundi alimwona. Neno alikuwa nalo. Lakini halikutoka, na shuka la kinyozi likawa linapanda na kushuka kifuani.

Fundi: "Please take care of my."

Mara ya tatu hakuweza hata kufika hapo. Akauweka ukurasa benchini, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba yule mama amekaa palepale kando ya Mkalimani.

Fundi: Mama, huyu asubuhi hali mpaka alazimishwe. Akinyamaza ujue ana neno. Mimi ndiye niliyemlea peke yangu, kama kuna mahali nimekosea, nivumilie.

Kisha yule mama akaanza kusema. Si Kiingereza, lugha yao, ambayo hatujawahi kuisikia, ndefu, ya chini, inasimama na kuanza tena. Hakusikika karatasi. Fundi alikuwa anaitikia. Ndiyo, mama. Ndiyo. Mkalimani kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafsiri.

Halafu mlango ukafunguliwa huko, viatu vikakimbia, simu ikabadilisha mkono.

Binti: Baba? Umemwambia nini mama? Analia, amenishika mkono hataki kuniachia.

Tulimtazama Mkalimani. Mkalimani alitazama tofali. Mteja alikuwa amegeukia ukutani anajifuta kwa ncha ya mtandio, na Fundi akajifuta kwa shuka la Kiwembe, lenye nywele za watu.

Fundi: Kiingereza cha kawaida tu, mwanangu.