Katuni Yenye Sauti ya Susu

Katika treni inayopita Dandora, Susu Kamene, yaani Bibi Kamene kwa wajukuu wake, alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Msichana aliyeketi kando yake alikuwa akimwonyesha mama mmoja asiyemjua, mwenye kapu la nyanya, katuni kwenye simu: bibi kizee mwenye kilemba, aliyefungua kinywa kila msichana alipofungua chake.

"Naigiza susu yangu, Mama. Jioni nikiingia hewani, watu wanacheka hadi wanalia."

"Na yeye anajua?"

"Binamu yangu amemwonyesha leo. Susu amenipigia, akasema, 'Njoo Dandora,' akakata."

"Ai! Umemwanika mzee wa watu mbele ya dunia bila kumwuliza? Ungekuwa wangu ungelala nje."

"Lakini nampenda!"

"Unampenda, sawa. Kwani kuuliza kulikuwa na ugumu gani?"

Kamene, ambaye naye ana wajukuu wenye simu, alitamani kujibu, lakini aliyesinzia hasemi.

Treni iliposimama Dandora, msichana hakuinuka. Alishikilia kiti. Yule mama aliguna, akajitwika kapu, akamshika kiwiko. "Mimi nashuka Githurai, huko mbele, lakini twende. Akianza kurusha sufuria, nitasimama mbele yako."