Kuhusu Mzaha Uliomtoa Bitutu Nyumbani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, walimu, wazazi wenzetu na watoto: yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Mzee Nyabuto aliyetuandikia risala hii ameapa, na anasema ng'ombe wake ni shahidi.

MAKARIBISHO
Karibu tena Magwagwa. Tumeshukuru kuona leo umekuja bila yule mchekeshaji wako.

TULIKOTOKA
Sisi ni wazazi wachuma chai. Tulianza kwa kupikia watoto uji mvuani. Sasa shule ina jiko, na tangi la maji ambalo, asema Mzee Nyabuto, linaweza kuogesha Nyamira nzima na watu wa Kisii wakapata ya kunawa. Mwaka jana, siku ya zawadi, Bitutu aliongoza Gredi ya Sita.

KILICHOTUPATA
Babake, Abner, alikuwa amepiga pasi shati tangu alfajiri. Jina la binti lilipotajwa, alijikuta amesimama. Mchekeshaji wako akawaita mbele wote wawili.

"Mzee, huyu msichana mlimtafuta usiku gani? Hebu ambia watu vile ilienda."

Yaliyofuata hatuyarudii, maana watoto wako hapa. Hata siku ile walikuwa hapa.

Kwetu kuna haya tunayoiita chinsoni: baba na binti hawasikii maneno ya chumbani wakiwa pamoja. Yakitokea, mmoja huondoka. Abner angeondokaje, na maikrofoni iko kidevuni? Aliangalia viatu vyake. Mheshimiwa, wewe ulicheka ukipiga meza.

Jioni Bitutu alimwandalia ugali. Abner akabeba sahani akaenda kula nje.

"Baba, nimekosa nini?"

Alitaka kumwambia hajakosa. Badala yake akamgeuzia mgongo, akaendelea kula. Wiki iliyofuata mtoto alienda kwa nyanya yake kule Nyacheki, na mpaka leo hajarudi. Abner hukatiza katikati ya mashamba ya chai ili asipite hapa shuleni.

OMBI
Leo hatuombi barabara. Tunaomba mizaha ya namna ile isiletwe palipo na watoto. Na kwa kuwa aibu ilitoka kwenye maikrofoni, tunakuomba umtake Abner radhi kwa maikrofoni hii hii, ili apate uso wa kwenda Nyacheki kumchukua mtoto wake.

SAHIHISHO
Mzee Nyabuto alikuwa ameandika hapa kwamba sisi sote tulinyamaza kwa huzuni, na kwamba yeye alimrukia mchekeshaji akamtupa juu ya hema. Tulipokuwa tukiisoma risala hii katika kikao cha wazazi, Abner, ambaye siku hizi hasemi sana, akasema, "Mzee, ulikuwa umeketi nyuma yangu. Kicheko cha kwanza kilikuwa chako."

Basi tumemtoza faini ya hadithi zake: hatasimulia hata moja, sokoni wala hapa shuleni, mpaka Bitutu arudi. Ndiyo maana risala hii inasomwa na Mama Phanice badala yake. Mzee ameshamwomba Abner radhi, nasi pia, maana tulicheka.

Abner ameketi pale nyuma, karibu na lango. Kiti kilicho kando yake tumekuwekea wewe.

Mungu akupe baraka, Mheshimiwa, na akurahisishie hatua za kufika pale.

Ni sisi,
Wazazi Wachuma Chai, Magwagwa