Mama na Shule ya Sheria

GLENDA: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

CORINNE: Ni mimi, Mama. Natumia simu ya mwenzangu wa chumbani. Yangu hupokei.

GLENDA: We mtoto! Niko kazini, mahakamani, korido ya chini, huku mtandao— (mkwaruzo) —umekula?

CORINNE: Nimekula. Mama, fomu ya kuchagua somo la shahada inafungwa leo saa kumi na moja.

GLENDA: Sasa unauliza nini? Haki jinai! Jaji mwenyewe kaniambia, na mimi karani wake miaka kumi na minane. Jaza, bonyeza, yaishe.

CORINNE: Mshauri wa chuo anasema shule ya sheria haijali umesoma nini. Historia sawa, muziki sawa. Wanataka shahada ya kwanza, yoyote ile, alama za juu na mtihani wao. Mimi nataka hisabati.

GLENDA: Hisabati! Utamtetea nani, pembetatu?

CORINNE: Mama—

GLENDA: Huyo mshauri nilimwona siku ya wazazi, suruali imechanika magotini. Anajua nini cha mahakama huyo?

CORINNE: Nilimwambia mama yangu alisomea stashahada ya usaidizi wa mawakili miaka miwili, akawa karibu kuingia shule ya sheria, akapata mimba yangu, akaacha. Akaniuliza, "Na shahada alisoma wapi?"

GLENDA: Haloo? Haloo?

CORINNE: Mama?

GLENDA: Mtandao unakatakata.

CORINNE: Basi sogea mlangoni. Kuna barua niliiona kabatini kwako, nilipokuja likizo ya Siku ya Shukrani, nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa. Shule ya sheria wamekukataa kwa sababu huna shahada. Imeandikwa Machi. Mimi nimezaliwa Desemba ya mwaka uliofuata, Mama.

GLENDA: Ulipekua makaratasi yangu?

CORINNE: Yaani hilo ndilo unaloniuliza?

GLENDA: Nani angeniambia? Bango la kile chuo changu cha miaka miwili lilisema, anza safari yako ya sheria hapa. Nikaanza! Baba yangu fundi bomba, ningejuaje mimi? Nikapata A tupu, Corinne. Tupu! Halafu wananiambia hazihesabiwi. Niliona aibu.

CORINNE: Ukaona bora unisingizie mimi.

GLENDA: Sijawahi kusema—

CORINNE: Kila siku yangu ya kuzaliwa! Keki iko mezani, na wewe, "Kama si huyu, leo ningekuwa wakili." Watu wanacheka. Na mimi nacheka, nina miaka saba. Nani aliniambia nisome sheria? Hakuna. Nilikuwa nakurudishia ndoto yako.

(mkwaruzo)

GLENDA: Basi chukua hisabati. Sikukatazi. Si umesema wataikubali—

CORINNE: Nimeshajaza tangu asubuhi.

GLENDA: Haya, vizuri. Huo mtihani wao ni lini?

CORINNE: Siufanyi.

GLENDA: Unasemaje?

CORINNE: Siendi shule ya sheria, Mama. Sijui hata kama niliwahi kuitaka.

GLENDA: Kori, wananiita, kikao kinaanza. Nikupigie jioni, eh? Usikate na hasira.

CORINNE: Jioni nina kipindi. Haya, kwaheri.

GLENDA: Ngoja. Ngoja kwanza! Siku uliyozaliwa nilifurahi. Umesikia? Corinne? Haloo?