Gari Lililozibwa Kila Tundu

Karibu na stesheni ya Thika, kwenye baraza la Mhindi mmoja muuza vitambaa, kulikuwa na benchi lililosikia uongo mwingi kuliko korti ya wilaya. Wenyewe walikuwa watatu. Jeconia aliitwa Bama kwa sababu alipelekwa vitani huko Bama, yaani Burma, akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na miaka kumi na miwili baadaye mdomo wake ulikuwa bado haujarudi. Gerishon, fundi wa cherehani, aliitwa Sindano. Wa tatu ni Kimeu muuza kahawa, yaani Birika, ambaye kahawa yake ilikuwa makapi yaliyokataliwa na Wazungu mashambani, yakaongezwa maharagwe ya kukaanga. Kikombe kimoja kilimtoa mtu usingizi pamoja na adabu. Ijumaa moja ya Aprili, mwaka wa hamsini na saba, mvua ilipokatika kidogo, Ndambuki aliegesha gari la kijani la tajiri wake mbele ya benchi hilo. Yeye walimwita Stelingi. Alikuwa dereva wa bwana mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, na asubuhi hiyo alikuwa na hofu.

— Maji imerudi? Bama aliuliza.

— Haikuenda, akasema Ndambuki. Imezidi. Jana kiatu ya memsahib imeelea.

— Imeelea! Sindano akaacha kukanyaga cherehani. Imeelekea upande gani?

— Wee Sindano, usinicheke.

Na kweli hapakuwa na la kuchekesha. Wiki mbili kabla, Ndambuki aliona maji kidogo kwenye zulia la gari, hayajai hata kikombe cha Birika. Memsahib hakuyaona. Bwana hakuyaona. Angenyamaza, angekuwa anakula ugali wake kwa raha mpaka leo. Lakini Ndambuki alilipenda lile gari kupita kiasi, na mtu anayependa hana akili, basi akalileta benchini litibiwe. Kila waziri wa benchi alitoa dawa yake, na kila dawa ilikuwa kizibo. Kadiri walivyoziba ndivyo maji yalivyopanda. Sasa bwana alikuwa amepata maelezo yake mwenyewe: kwamba dereva wake anawabebea wanawake madebe ya maji kwa siri, na madebe yanamwagika humo ndani.

— Amesemaje hasa? Birika aliuliza, akimmiminia.

— Amesema hivi: "Gari hapana mtungi. Kama kesho miguu ya memsahib nalowa, wewe rudisha funguo, chukua barua, kwenda." Na kwa hiyo barua ataandika ati nimefukuzwa kwa kubeba maji. Nani ataniandika kazi tena? Na ile nyumba ya shambani inaenda na funguo. Bibi yangu Kanini na watoto wanne, nitawalaza wapi?

Benchi likanywa funda moja kwa heshima.

— Fungua mlango, Bama akaamuru.

Ndambuki akafungua. Maji yalikuwa yametulia sakafuni, mekundu, yamefika usawa wa kifundo cha mguu. Zulia alikuwa amekwisha kulitoa na kulianika kwenye ukingo wa baraza. Alikuwa ameyachota maji hayo alfajiri kwa kopo, na mvua ya saa nne, memsahib akiwa ameshashuka, ikayarudisha.

— Mimi nilisema tangu siku ya kwanza, alisema Bama. Kule Bama lori yetu ilivuka mto, maji ikaingia kwa chini. Maji ya gari ni ya chini! Ndio nikaziba zile tundu za chini na mpira wa gurudumu. Nikagonga na nyundo mpaka ikalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Na bado inaingia, alisema Ndambuki.

— Kwa sababu hamkuziba zote!

— Atĩ hamkuziba! Sindano akaruka. Ngai! Mimi mwenyewe niliziba ile bomba ndogo ya mbele, ile inatoka chini ya kioo ikashuka nyuma ya gurudumu. Kitambaa cha kaki, nikachovya kwa nta ya mshumaa. Hata pumzi haipiti. Lakini mimi nasema hii si mvua. Hii ni jasho.

— Jasho ya nani?

— Ya gari. Inatoka Ruiru kwa baridi, inaingia Thika kwa joto. Wewe ukivaa koti na ukimbie, hutoki jasho? Na milango pia niliziba kwa chini, ile mashimo madogo madogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, Birika alisema.

— Basi gari imeweka akiba!

Ndambuki alikunywa kahawa bila kuisikia ladha, jambo ambalo kwa kahawa ile lilikuwa bahati. Kila mara mmoja wao alipofungua kinywa, moyo wake uliamka, na kila alipofunga, ulilala tena. Memsahib alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli ya Wazungu, akitengenezwa nywele. Angetoka saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu.

— Nyinyi wote watoto, alisema Birika, na akaweka dele lake juu ya makaa. Mnajua maji ya Ruiru inaenda wapi? Inafungwa kwa bomba, inapelekwa Nairobi ikaogeshe watu wasioijua. Sasa, ng'ombe ukimuuza mbali, hatoroki kurudi kwao? Hii ni maji iliyotoroka bomba. Inajua hii gari ni ya Ruiru. Inaomba lifti.

Bama alitaka kubisha lakini wazo lilimpendeza mno.

— Aca, hapana! alisema Sindano, akishusha sauti na kuangalia kama kuna askari karibu. Mimi Mkikuyu, siku hizi za hali ya hatari, nikitaka kwenda Ruiru kumwona mama mkwe, naandikiwa karatasi na watu watatu. Na hii maji inasafiri tu, bila pasi?

— Ndio maana inajificha kwa gari ya Mzungu. Hakuna mtu anasimamisha.

— Basi dawa ni moja, Bama akasema na kusimama. Tuzibe ile tundu ya hewa, na kioo pembeni, na pale taa. Tupake lami kila mahali. Ikikosa mlango, itaenda kwa gari ingine. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Stelingi, vua koti, ingia chini.

— Wewe je?

— Mimi mgongo yangu iliumia Bama.

Hapo ndipo alipofika Apiyo, mke wa mfanyakazi wa reli, aliyekuja kutoka Nyanza wiki iliyopita tu. Alikuwa na debe kichwani, kutoka kwenye bomba la nyuma ya stesheni.

— Nitueni jamani, shingo inakatika.

Ndambuki akamtua. Apiyo alifuta uso, akaangalia gari, akaangalia maji ndani yake, akasikiliza kwa dakika mbili jinsi Bama na Sindano walivyogombana kuhusu lami. Kisha akauliza:

— Na ikishaingia, mnataka itokee wapi?

— Nini? alisema Bama.

— Maji. Juu inaingia, ni mvua hii. Chini mmeziba, nimesikia. Sasa itokee wapi?

— Mama, hii ni mambo ya mashine.

— Mashine sijui. Nauliza maji.

Ndambuki alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni, hasira tupu, na zaidi alijikasirikia mwenyewe. Miaka tisa anaendesha! Yale matundu hayakuwa ya kuingizia maji hata kidogo. Ndiyo yaliyokuwa yakiyatoa, siku zote, kimya kimya, mpaka alipowaleta madaktari hawa.

Alinyakua mkasi wa Sindano.

— Huo ni wa nguo! Stelingi! Huo ni wa nguo!

Akalala chali kwenye matope, na kaki yake iliyopigwa pasi, akachomoa kitambaa cha nta, kisha akachokonoa mpira wa kwanza, na wa pili. Maji yote yalimwangukia kifuani, yakamwingia kolani na puani. Akatoka anakohoa. Akafungua vizibo vya milango pia, na kila mmoja ukakojoa kivyake.

— Ndambuki!

Memsahib alikuwa amesimama hapo na nywele mpya chini ya mwavuli. Alimwona dereva wake amelowa chapachapa. Aliona kidimbwi chini ya gari. Aliona mwanamke na debe. Uso wake ukabadilika, na Ndambuki, kichwani mwake, akamwona Kanini akifunga mizigo.

— Debe yangu hiyo, memsahib, alisema Apiyo bila kuulizwa. Imejaa mpaka juu. Angalia, hakuna tone imepungua.

Memsahib aliangalia. Debe lilikuwa limejaa pomoni. Mvua nayo ikaanza tena, kubwa, ikamlazimu kukimbilia ndani ya gari. Alikaa ameinua miguu, akisubiri. Maji kidogo yaliteremka pembeni, yakazunguka sakafuni, yakapata tundu, yakaenda zake. Alisubiri tena. Kisha akateremsha mguu mmoja, na wa pili, pale palipokuwa pakavu.

— Hii tundu nafunguka leo?

— Ndiyo, memsahib. Ilikuwa imezibwa.

— Nani naambia wewe ziba?

Bama alikuwa ghafla anasoma gazeti la wiki iliyopita, limepinduka. Sindano alikuwa anatunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa. Birika aliinamisha dele juu ya kikombe na hapakutoka kitu. Ndambuki aliwaangalia wote watatu, mmoja baada ya mwingine, maji yakimchuruzika kidevuni.

— Watu fulani tu, memsahib, alisema, akiwasha gari. Wameshaondoka.

Wale watatu wakabaki wameketi pale pale benchini, na hakuna hata mmoja aliyebisha.