X Tulizopiga Kwenye Milango ya Mtaa Wetu

Mgeni rasmi, Mama Matilda Kessy, Mkurugenzi wa Mfuko wa Sanaa na Wananchi. Mwenyekiti wa Mtaa wa Kilwa Ndogo. Wazee wetu, wenye maduka, wapangaji, na majirani mliosimama kwa kukosa viti:

Kazi uliyokuja kuipa ngao ilimtoa Bi Tatu nyumbani kwake. Hakutolewa na mafuriko wala na ofisi yoyote. Tulimtoa sisi, kwa rangi nyekundu na brashi ya inchi tatu. Tumeona tulitaje hilo kabla ya makaribisho, kwa sababu tukianza na makaribisho tutapigiana makofi mpaka tusahau.

KARIBU

Sasa karibu, Mama. Umekuja Kariakoo siku ya kazi, umepita katikati ya maguta ya mizigo, na hukutuma mtu akuwakilishe. Tunakushukuru. Pilau lipo na maji ya baridi yapo.

Risala hii imeandikwa, na inasomwa mbele yako, na Idrisa, katibu wa kikundi, ambaye shule aliishia darasa la sita. Wenzake wameisikiliza mara mbili. Kikundi kina watu kumi na mmoja. Tisa wameikubali. Wawili wameikataa, wanasema mgeni haambiwi mambo kama haya siku ya zawadi. Wako hapa mbele yako, na baada ya chakula wana haki ya kukueleza upande wao.

SISI NI NANI

Kikundi cha Brashi Moja kilianza mwaka 2003 pembeni ya soko la Mchikichini. Tulikuwa watano na brashi nzuri ilikuwa moja, mmoja akichora wanne wanasubiri. Jina limetoka hapo. Tumeandika majina ya maduka, bei za viatu vya mtumba, ubavu wa maguta, milango ya vyoo, na "Usikojoe Hapa" kwenye kuta nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Baadaye yakaja mabango ya kuchapisha kwa mashine. Mteja anaagiza asubuhi, mchana anatundika. Kazi za maduka zikapungua, sisi tukabaki na kuta.

Hapo ndipo tulipoanza kuchora mambo ya mtaa. Mfereji wetu ulipoziba, tulichora samaki kwenye kila nyumba, pale pale maji yalipofikia. Nyumba nyingine samaki alikuwa gotini, nyingine alikuwa usawa wa swichi ya taa. Watu walipita wakipima kwa mikono yao. Mwezi uliofuata mfereji ulizibuliwa. Kisha tukaandika kwenye ukuta wa kona, kila baada ya mkutano wa mtaa, idadi ya waliohudhuria. Mkutano mmoja tuliandika 31. Mtaa una watu wazima zaidi ya elfu moja. Namba ile iliwauma watu kuliko hotuba.

Kuna jambo jingine la historia yetu ambalo halimo kwenye fomu tuliyokujazia. Miaka ya nyuma, watatu kati yetu walifanya kibarua cha kupiga X za kweli kule bondeni Jangwani, kwenye nyumba zilizotakiwa kubomolewa. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na hatukuwajua wenye nyumba. Tunalitaja kwa sababu ndiko tulikojifunza X ya kweli inavyokaa.

TULICHOFANYA

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Mwenyekiti alitangaza kwamba kuna mwombaji anayetaka Kiwanja cha Maturubai kiwe maegesho ya malori. Mgeni rasmi, ndicho kiwanja ulichokipita ukiingia, chenye uzio mpya wa mabati. Ndipo tulipokuwa tukifunga turubai za misiba na harusi, kwa sababu nyumba zetu hazina nyua. Mwenyekiti alitueleza wazi, na hatuna lawama naye: mkutano wa mtaa ukikataa, barua ya mwombaji inarudi, ukikubali, inapanda juu. Mkutano ulipangwa Jumapili.

Mtu wa kwanza kukataa hadharani alikuwa Bi Tatu. Alikuwa anaishi nyumba ya kona, upande unaoteremkia Jangwani, vyumba vitano. Alikaa humo na Swaumu, mtoto wa dada yake, na wapangaji wawili, Kasmir anayeuza viatu vya mtumba na mkewe Severa. Bi Tatu alisema mbele ya duka la Abdulatif, watu wakisikia:

"Mkiwapa malori, mimi nikifa mtanifungia turubai wapi? Juu ya tela?"

Kasmir akadakia, "Bi Tatu, na dereva atadai umemzibia njia." Watu walicheka. Nyumba nzima ile, wote wanne, walisema watakuja kunyoosha mkono wa kukataa.

Sisi tukaona kukataa dukani hakutoshi, watu waje. Tukakaa kikao. Ikapatikana hoja kwamba tupige X nyekundu kwenye kila mlango wa mtaa, na chini yake tuandike tarehe ya mkutano. Bila maneno mengine. Mtu akiamka akakuta X mlangoni kwake, ataelewa kwamba leo ni kiwanja, kesho ni yeye. Atatoka nje aulize.

Candida, ambaye ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote hapa, alisema, "Mkiipiga vizuri sana wataamini."

Mwenzetu Leodegar akamjibu, "Basi tumpe Idrisa apige. Yeye hajawahi kupiga kitu vizuri."

Tukacheka, na onyo lake likaishia kwenye kicheko hicho.

Tukaamua pia tusieleze chochote mpaka Ijumaa. Tulisema mtu aliyeshaelezwa hatoki nje kuuliza. Na tulisema tarehe ni ya Jumapili, hakuna anayebomoa Jumapili, kila mtu atagundua.

Jumatatu baada ya swala ya alfajiri, maduka yakiwa bado yamefungwa, tulipiga X kwenye milango sitini na mitatu. Tulitumia rangi ya maji ili zioshwe kirahisi. Sasa, Mama, mchora mabango haachii rangi ichuruzike. Ikichuruzika umeharibu, mwenye duka hachukui kazi. Lakini X za kule bondeni huchuruzika, kwa sababu kibarua ana haraka. Basi na sisi tuliijaza brashi na kuiacha rangi iteremke kidogo, ili zifanane. Tulijisifu kwa hilo.

Na kitu cha pili. Sisi kila kazi tunaisaini. Kona ya chini kulia tunaweka jina la kikundi na namba ya simu. Tumesaini mpaka milango ya vyoo. Siku ile hatukusaini hata moja. Tuliona saini itaharibu sanaa. Kama namba yetu ya simu ingekuwa chini ya X ya mlango wa kona, mwenye mlango angetupigia.

MAFANIKIO

Hatutayakana, ndiyo yaliyokuleta. Mtaa uliamka. Abdulatif alitoka na kufuli mkononi akipiga kelele, "Nani kanipiga X? Mimi duka lina hati!" Jirani yake akamwambia, "Tulia, hata msikiti umepigwa." Kufikia saa tatu asubuhi watu walikuwa wamejua ni sisi, kwa sababu nani mwingine mtaani ana rangi nyingi kiasi kile. Wakatutania, wakatutukana kidogo, wakauliza mkutano ni saa ngapi. Picha zikasambaa kwenye simu mpaka zikakufikia wewe ofisini kwako.

Jumapili walikuja watu mia moja na sabini. Haijawahi kutokea. Wengine walikaa juu ya matofali. Vijana walisema mbele ya wazee, wapangaji walisema mbele ya wenye nyumba, wengine wakiyakataa malori, wengine wakiyataka kwa ajili ya vibarua. Tulipata kitu tulichokuwa tunakitafuta kwa miaka yote ya kuchora.

YALIYOHARIBIKA

Bi Tatu hakuwa kwenye vicheko vya Jumatatu. Yeye asubuhi hafiki dukani, magoti yanamsumbua. Aliufungua mlango wake, akaiona X, akasimama mbele yake. Leodegar alikuwa anapita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baba, hii ndiyo ile?"

Leodegar alidhani ameshasikia habari. Akasema, "Ndiyo yenyewe, bibi. Wewe jiandae na hiyo tarehe."

Alimaanisha ajiandae kuja mkutanoni. Leodegar amesimama hapa kulia kwangu na ameomba maneno yake yasomwe kama yalivyotoka.

Dada yake Bi Tatu alikuwa na nyumba bondeni Jangwani. Ilipigwa X, akaambiwa tarehe, akasema hawatakuja. Walikuja, na hakuokoa hata fremu ya dirisha. Bi Tatu alikuwepo siku ile. Kwa hiyo yeye aliposikia tarehe hakubishana na mtu. Swaumu na wapangaji walisikia kwamba rangi ni yetu, lakini maana tulikuwa tumeificha, na yeye akawaambia mmoja wetu ameithibitisha tarehe. Aliita fundi. Alhamisi fundi na vibarua wake walikuwa juu ya paa wanatoa mabati ili apate walau ya kuuza.

Sisi tuliwaona. Hilo ndilo linalotunyima usingizi. Tulipita chini yao tukiwa na makopo yetu, tukadhani anaezeka upya kabla ya masika. Mmoja wetu akapaza sauti, "Hongera bibi, unaezeka!"

Yeye akiwa amekaa kwenye ndoo barazani alijibu, "Haya baba, cheka. Na nyie si mmepigwa? Zamu yenu inakuja."

Tukadhani anatutania kama wengine. Tukapita.

Ijumaa asubuhi kirikuu, kigari cha mizigo, kilimchukua yeye na Swaumu na vitanda viwili kwenda Mkuranga kwa mwanawe Adamu. Kasmir na Severa hawakuwa na paa, wakahamia Mbagala siku hiyo hiyo. Ijumaa mchana, baada ya swala, sisi tukazunguka na kipaza sauti kueleza maana ya X. Tulipofika kona tulikuta kuta.

Baada ya wiki mbili tulikwenda Mkuranga watu watatu. Alitupokea vizuri, akatupa chai na mihogo. Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Kwa hiyo ulikuwa mchezo?"

Candida akasema, "Ilikuwa sanaa, bibi."

"Haya." Akatuongezea chai, kisha akasema, "Mmechora vizuri. Ya dada yangu ilikuwa hivi hivi, na michirizi yake."

Hatujui kama X ya dada yake ilikuwa ya mkono wetu. Hatukumuuliza ilikuwa mwaka gani. Tuliogopa jibu.

Mvua za mwezi wa nne zilizikuta kuta hazina paa. Mbili zimeanguka.

TUNACHOOMBA

Kwanza, tunaomba uondoke nayo ngao. Kama Mfuko unataka kutupa kitu kwa ajili ya wale samaki wa mfereji, tutakipokea kwa mikono miwili. Kwa X, hapana. Wenzetu wawili wanasema ngao ingetuletea kazi, na ni kweli ingetuletea.

Pili, tumesikia mna mpango wa kuipeleka X kwenye kata sita kama mfano wa sanaa ya kuwashirikisha wananchi. Tunakuomba usiipeleke hivi hivi. Ikibidi iende, iende na risala hii. Na wachoraji wa huko waambiwe wasaini kazi yao, na wagonge kila mlango siku ile ile waliyochora, waanze na mlango wa mtu asiyetoka nje. Tulitaka watu wasikae kimya, na sisi wenyewe tukakaa kimya siku nne kwa makusudi. Hatuna haki ya kumdai mtu sauti kama tunamficha tunachokijua.

Tatu, tunaomba mabati na tofali za kuta mbili. Ufundi tutaufanya wenyewe, tumo wanne tuliowahi kujenga, na fundi aliyeyatoa mabati amesema ataezeka bila malipo. Bi Tatu hajasema kama atakubali kurudi. Tulipomuuliza alisema, "Jengeni kwanza, nitawajibu nikiiona." Tunaona hilo ni jibu la haki.

Kuhusu kiwanja hatuna ombi. Mkutano ulikuwa halali, mikono ilihesabiwa mara mbili mbele ya wote, na sisi ndio tuliokuwa tukiandika ukutani kwamba mkutano wa mtaa uheshimiwe.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwenu, aibariki kazi ya Mfuko, na awape wachoraji wote wa mji huu mkono mzuri na mtu wa kuwaonya ambaye watamsikiliza. Ni sisi, wanakikundi wa Brashi Moja, Mtaa wa Kilwa Ndogo.

Kwenye fomu yenu kulikuwa na swali tuliloliacha wazi, kwamba kazi hii iligharimu nini. Leo tunalijibu.

Ndoo mbili za rangi ya maji. Nyumba moja ya vyumba vitano, na mabati yake thelathini na mawili. Miaka hamsini na mmoja ambayo Bi Tatu alikuwa ameishi kwenye kona ile. Kiwanja cha Maturubai, kilichopotea Jumapili ile kwa mikono themanini na sita iliyokubali dhidi ya themanini na minne iliyokataa. Na mikono minne, ya Bi Tatu, Swaumu, Kasmir na Severa, ambayo siku hiyo haikuwepo.