Kauko Pesonen na Nyumba Aliyotaka Kuijenga Peke Yake

Ndugu, marafiki na majirani mliofika kumsindikiza Kauko Pesonen, familia imeomba msikilize kwa ufupi njia aliyopita.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 kijijini Lentiira, Kuhmo, mashariki mwa Finland, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Eemeli na mama Hilja. Alisoma shule ya kijijini kuanzia 1945 hadi 1952, akienda kwa ski, mbao za kutelezea miguuni, wakati wa theluji, kisha akakata miti msituni, na mwaka 1964 akawa dereva wa greda la barabara hadi alipostaafu mwaka 1998.

Alifunga ndoa na Helvi Kemppainen tarehe 24 Juni 1961, wakajaliwa Marja mwaka 1962 na Ensio mwaka 1964. Baba yake alimpa kiwanja kando ya ziwa, naye, kama tufanyavyo sote huku, alitangulia kujenga sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, ili familia ilale humo kiangazi kimoja wakati nyumba inapanda. Lakini Kauko hakutaka mkono wa mtu uguse gogo lake, alikata misonobari mwenyewe, akaimenya maganda mwenyewe, na majirani walipouliza siku ya talkoo, kazi ya pamoja ambayo mwenye nyumba huilipa kwa supu na kahawa, alijibu, "Nikishindwa nitawaita," nao wakaenda zao, maana kwetu asiyeita hafuatwi.

Kiangazi kimoja kikawa miaka mitatu, kila Jumamosi magodoro yakitolewa nje ili sauna iwashwe moto, na kuta za nyumba zikiwa zimekomea usawa wa madirisha. Vuli ya 1965, Ensio akiwa anakohoa, Helvi alimwambia, "Baba Marja, theluji ikianguka kabla ya paa, mimi na watoto tunahamia kwa mama." Kauko akasema, "Mama yako ana chumba kimoja tu." Helvi akamjibu, "Ndiyo, lakini hakiwashwi moto kila Jumamosi."

Basi Kauko alikwenda kwa jirani yake Toivo Hakkarainen, akanywa kahawa, akazungumzia samaki, akanywa tena, akaaga, na mkono ukiwa tayari kwenye kitasa akasema, "Yale magogo ya juu ni mazito." Toivo akauliza, "Mazito kiasi gani?" Akajibu, "Kiasi cha watu wanane." Toivo akacheka, "Mkaidi wewe, tulidhani utakufa hujasema! Tunakuja Jumamosi."

Walikuja kumi na wawili, wakarudi kila Jumamosi hadi paa likakamilika, na tarehe 30 Oktoba 1965 familia ikahamia, theluji ikiwa bado haijaanguka.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2016, akatibiwa hospitalini Kajaani, na alifariki asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2019, chumbani kwake, Helvi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa idara ya barabara, na ninyi majirani kwa namna ya pekee. Kushukuru kulimpa Kauko taabu maisha yake yote, na hata siku paa lilipokamilika aliwaambia tu kwamba kahawa bado ipo, kwa hiyo leo tunasema kwa niaba yake, kwa sauti ambayo yeye angeionea haya: asanteni sana.

Lala salama, Kauko. Nyumba imesimama, na watu wamo ndani.